Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Nguvu ya Mawimbi katika Simu za Setilaiti

Mhandisi aliyezoea mitandao ya minara huingia kwenye mawasiliano ya setilaiti akiwa na mazoea mawili yanayomponza. La kwanza ni kudhani kwamba kazi kuu ya udhibiti wa nguvu ni kusawazisha simu iliyo chini ya mnara na ile iliyo ukingoni mwa eneo la mnara huo, tofauti ambayo inaweza kuzidi desibeli 60. La pili ni kudhani kwamba amri za kupandisha na kushusha nguvu zikitolewa kwa wingi zaidi, mawasiliano yatakuwa bora zaidi. Simu za kizazi cha tatu za mfumo wa WCDMA, kwa mfano, hupokea amri hizo mara 1,500 kwa sekunde. Kwenye setilaiti mambo hayo hayasimami. Umbali kati ya simu na setilaiti haubadiliki kwa kiasi kikubwa hivyo, na amri ya kituo cha ardhini humfikia mtumiaji wakati hali iliyosababisha itolewe imekwisha kupita.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kitanzi kimoja, yaani mzunguko mmoja wa kupima na kurekebisha nguvu, kisitwishwe mzigo wote. Mabadiliko ya polepole yanayoweza kukokotolewa yaachiwe kitanzi wazi, ambapo simu hujiamulia yenyewe. Mabadiliko ya kadiri pamoja na makosa ya vifaa yaachiwe kitanzi funge, ambapo kituo hupima na kuamuru. Na mabadiliko ya kasi yasifukuzwe kwa nguvu hata kidogo, bali yakabiliwe kwa akiba ya nguvu na kwa misimbo ya kusahihisha makosa. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya mgawanyo huo.

Mifano inatoka kwenye mifumo miwili. Wa kwanza ni wa Thuraya, kampuni ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ambayo setilaiti yake ya Thuraya-2 ilirushwa mwaka 2003 na kuwekwa juu ya ikweta, longitudo 44 mashariki, kwenye kimo cha kilomita 35,786. Huko setilaiti huonekana kana kwamba imesimama, na simu hugawana kiungo kwa zamu za muda. Wa pili ni wa Globalstar, ambao setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha kilomita 1,414 na ambao watumiaji wake hutumia masafa yaleyale kwa wakati mmoja wakitofautishwa na misimbo. Msomaji anatarajiwa kuzifahamu desibeli na misingi ya redio.

Hatua ya kwanza: Pambanua mabadiliko kwa kasi yake

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, orodhesha kila kinachoweza kubadilisha nguvu inayopokelewa, kisha uandike kando yake muda kinaochukua kubadilika. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua kitanzi kipi kibebe nini, na kazi nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibikia hapa.

Umbali ndio wa polepole kuliko vyote. Setilaiti ya kimo cha kilomita 1,414 ikiwa utosini, umbali wake ni hizo kilomita 1,414; ikishuka hadi pembe ya mwinuko ya digrii 60 umbali unakuwa kilomita 1,586, kwenye digrii 30 unakuwa kilomita 2,307, na kwenye digrii 10 unafikia kilomita 3,502. Kwa desibeli, ongezeko la upotevu ni 1.0, 4.3 na 7.9 kwa mfuatano huo. Mabadiliko hayo hutokea kwa dakika kadhaa na yanatabirika kabisa. Isitoshe, antena za setilaiti za aina hii huundwa zikiwa na ukuzaji mkubwa zaidi upande wa ukingoni, ili kufidia sehemu ya tofauti hiyo. Kwa setilaiti iliyosimama, umbali unaweza kuhesabiwa kuwa haubadiliki.

Kivuli cha miti, majengo na vilima ni cha kadiri. Mti wenye majani mengi unaweza kula desibeli 10 au zaidi, na ukuta wa zege hula zaidi ya hapo. Kasi yake inategemea mwendo: anayetembea kwa miguu hukaa kivulini kwa sekunde kadhaa, ilhali gari hupita chini ya mti mmoja kwa chini ya sekunde.

Mawimbi ya njia nyingi, yaani yale yanayogonga ardhi, bahari au kuta na kufika yakiwa yamepishana na mawimbi ya moja kwa moja, ndiyo ya kasi kuliko yote. Kwenye masafa ya megahezi 1,600 urefu wa wimbi ni sentimita 18.75, na nguvu inaweza kutoka kileleni hadi bondeni ndani ya nusu ya urefu huo au pungufu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa humaliza nusu ya wimbi kwa milisekunde 5.6. Weka takwimu hiyo kichwani hadi hatua ya tano.

Kwa Afrika Mashariki kuna la nne ambalo vitabu vya nchi za kaskazini hulipita haraka, nalo ni kumetameta kwa mawimbi kunakosababishwa na ionosfea, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme. Ikweta ya sumaku ya dunia hupita Ethiopia, hivyo Kenya, Uganda na Tanzania zimo ndani ya ukanda unaoathirika. Baada ya jua kuchwa, hasa kati ya saa mbili na saa sita usiku, tabaka hilo hufanya mapovu yenye chembe chache za umeme, na mawimbi ya megahezi 1,500 yanayopita humo hupanda na kushuka ndani ya sekunde moja au chache. Hali huwa mbaya zaidi katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, na katika miaka ambayo shughuli za jua ziko juu. Mvua, kwa upande mwingine, isikusumbue kwenye masafa haya: hata ya masika huathiri kwa sehemu ndogo ya desibeli. Itakusumbua kwenye kiungo cha kituo kikuu endapo kinatumia gigahezi 20 na 30, lakini huo ni udhibiti mwingine unaofanywa na kituo chenyewe.

Hatua ya pili: Fanya hesabu ya kiungo hadi ujue akiba

Chukua simu iliyopo Dar es Salaam na setilaiti ya longitudo 44 mashariki. Kwa jiometri ya kawaida, setilaiti hiyo huonekana kwenye pembe ya mwinuko ya digrii 80 hivi, karibu utosini, na umbali ni kilomita 35,864. Kanuni ya upotevu katika anga huru ni 32.44, jumlisha mara 20 ya logi ya masafa kwa megahezi, jumlisha mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita. Kwa megahezi 1,643 za njia ya kupanda tunapata 32.44 + 64.31 + 91.09, yaani desibeli 187.8.

Takwimu zinazofuata ni za kubuni kwa ajili ya mfano, wala si za simu fulani ya dukani. Simu inarusha wati 2, ambazo ni 3 dBW, na antena yake inaongeza desibeli 2, hivyo nguvu inayotoka kuelekea angani ni 5 dBW. Uwezo wa kipokezi cha setilaiti, yaani ukuzaji wa antena ukigawanywa kwa halijoto ya kelele, uwe 15 dB/K. Ongeza 228.6 ya kiwango cha Boltzmann, na uwiano wa mawimbi kwa kelele katika hezi moja unakuwa 5 − 187.8 + 15 + 228.6, sawa na 60.8 dBHz. Ikiwa kiungo kinabeba alama 23,400 kwa sekunde, yaani vipande vidogo vya mawimbi vinavyobeba biti, toa desibeli 43.7, inabaki 17.1 kwa kila alama. Ondoa 3 kwa ajili ya mwingiliano wa miale mingine ya setilaiti (kila mwale huhudumia eneo lake) na kelele ya kiungo cha kwenda kituoni, ibaki 14 kwa kukadiria. Kipokezi kikihitaji 6 ili kisome sauti bila kukatika, akiba ni desibeli 8.

Akiba hiyo igawanywe waziwazi, kwa maandishi. Katika mfano huu ninaacha desibeli 3 zikae daima juu ya mahitaji ya kipokezi kwa ajili ya mawimbi ya njia nyingi, na 5 zilizobaki ndizo uwanja wa udhibiti: mtumiaji aliye uwanjani pasipo kizuizi anashushwa desibeli 5, arushe wati 0.63 badala ya 2, na anayeingia kivulini anarudishiwa hadi kikomo. Anayenyang'anya zile 3 ili betri idumu zaidi atajikuta anazirudisha kwa riba pale simu zinapoanza kukatika pwani, ambako mawimbi yanayoakisiwa na bahari huwa na nguvu, hasa setilaiti ikiwa chini karibu na upeo wa macho.

Hatua ya tatu: Pima uwiano, usipime nguvu tupu

Kosa la kawaida ni kutumia kipimo cha nguvu yote inayoingia kwenye kipokezi. Kwenye mnara kipimo hicho kinaweza kukuokoa kwa sababu mawimbi yanayotakiwa mara nyingi yamezidi kelele kwa mbali. Kwenye setilaiti, nguvu yote hiyo ni mchanganyiko wa mawimbi yako, kelele na watumiaji wengine, na katika mfumo wa misimbo mawimbi yako hujificha chini ya kelele kabla ya kufumbuliwa. Ukiongozwa na kipimo hicho, jirani akipandisha nguvu utaona kana kwamba mawimbi yako yamekuwa mazuri, kisha utayashusha wakati ulitakiwa kuyapandisha.

Pima uwiano wa mawimbi kwa kelele kwenye alama zinazojulikana, zile ambazo kila fremu, yaani kila kifurushi cha data kinachorushwa kwa mkupuo mmoja, hubeba kwa ajili ya kulinganisha. Alama za fremu moja ni chache, kwa hiyo kipimo cha fremu moja kitayumba; chukua wastani wa fremu kadhaa. Urefu wa wastani usiwe wa kubahatisha: uwe mrefu kiasi cha kufuta mawimbi ya njia nyingi, na uwe mfupi kuliko muda wa kitanzi. Kwa fremu za milisekunde 40, wastani wa fremu 5 hadi 8 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa setilaiti iliyosimama. Wastani uchukuliwe kwenye uwiano halisi kabla ya kugeuzwa kuwa desibeli, la sivyo vipimo vichache vilivyozama sana vitauvuta chini kuliko inavyostahili.

Hatua ya nne: Jenga kitanzi wazi

Katika kitanzi wazi simu husikiliza ishara ya rejea inayotoka kwenye setilaiti, husoma tangazo la mtandao linaloeleza ishara hiyo imerushwa kwa nguvu kiasi gani, hukokotoa upotevu, kisha huchagua nguvu ya kurushia. Hakuna kusubiri jibu, na hilo ndilo linalokifanya kiwe na thamani.

Udhaifu wake ni kwamba njia ya kushuka haifanani kabisa na njia ya kupanda. Globalstar hupandisha kwenye megahezi 1,610 na kuendelea na kushusha kwenye 2,483.5 hadi 2,500. Kivuli cha mti kitaziathiri njia zote mbili kwa namna inayofanana, ingawa si kwa kiasi kilekile, lakini mawimbi ya njia nyingi hayatakubaliana: wakati njia ya kushuka iko bondeni, ya kupanda inaweza kuwa kileleni. Kwa hiyo kipimo kipite kwenye kichujio kinachoruhusu mabadiliko ya polepole tu.

Mwelekeo wa kichujio nao una siasa yake. Katika mfumo wa misimbo, simu inayotoka kivulini ikiwa bado inarusha nguvu kubwa huwaumiza watumiaji wote wa mwale huo, kwa hiyo kushusha kuwe kwa haraka na kupandisha kuwe kwa taratibu. Katika mfumo wa zamu za muda, ambako kila mtu ana nafasi yake, nguvu ya ziada kwa sekunde moja haimuumizi jirani wa karibu, na mimi huchagua kinyume: pandisha haraka kuokoa mazungumzo, shusha taratibu.

Simu zinazojua mahali zilipo kwa kutumia GPS zina nafasi nzuri zaidi. Katika toleo la 17 la viwango vya 3GPP, ushirika wa kimataifa unaoandika viwango vya simu za mkononi, lililokamilishwa mwaka 2022, mtandao hutangaza taarifa za obiti ili simu ikokotoe umbali wake hadi setilaiti. Lengo kuu lilikuwa kurekebisha muda na masafa, lakini umbali huohuo hutoa sehemu ya upotevu inayotabirika. Kanuni ya viwango hivyo ya nguvu ya kupanda huanza na kiwango cha msingi kinachotakiwa na mtandao, huongeza logi ya upana wa kipande cha masafa, huongeza upotevu uliokokotolewa ukizidishwa na kigezo kati ya 0 na 1, kisha huongeza marekebisho ya kitanzi funge, na jumla haivuki uwezo wa simu, ambao kwa simu za mkononi za daraja la 3 ni 23 dBm. Kwa mnara, kigezo hicho mara nyingi huwekwa chini ya 1 ili walio ukingoni wasipige kelele sana. Kwa setilaiti tofauti ya walio ukingoni na walio katikati ni desibeli chache, hivyo anza na 1.

Hatua ya tano: Jenga kitanzi funge kinachojua kwamba kimechelewa

Hapa ndipo penye kazi. Fuatilia amri moja. Mawimbi yanatoka Dar es Salaam, yanapanda kilomita 35,864 hadi setilaiti, yanashuka kilomita 36,636 hadi kituo kilichopo Sharjah, yanapimwa, amri inaandikwa, kisha amri inasafiri njia hiyohiyo kurudi. Ni kilomita 145,000, sawa na milisekunde 484 kwa kasi ya mwanga. Ongeza muda wa kupima na kusubiri fremu, uchukue milisekunde 540. Daladala inayokwenda kilomita 60 kwa saa imesogea mita 9 tangu hali ipimwe. Mti uliosababisha amri umebaki nyuma, na zile milisekunde 5.6 za mawimbi ya njia nyingi zimekwisha kupita karibu mara mia moja. Hakuna ujanja wa programu unaoweza kulibadilisha hilo.

Tazama sasa kinachotokea ukihamisha mtindo wa mnara bila kuugusa. Lengo ni desibeli 9, yaani zile 6 za kipokezi na 3 za akiba ya daima. Gari linaingia barabara yenye miembe pande zote mbili na uwiano unashuka hadi 5. Kituo kinatuma amri ya kupandisha desibeli 1 katika kila fremu ya milisekunde 40. Kabla ya kuona matunda ya amri ya kwanza, kitakuwa kimetuma 13. Zilitakiwa 4, zimekwenda 13. Amplifaya isipogota kwenye kikomo chake, uwiano utafika 14, kisha 18, kituo kitaanza kuamuru kushuka, na amri za kushuka nazo zitapitiliza vilevile. Mtumiaji atasikia sauti ikija na kuondoka kwa mdundo wa sekunde mbili hivi, na fundi atalaumu ionosfea.

Dawa ni daftari la amri zilizo njiani. Kituo kiweke kumbukumbu ya amri za fremu 13 zilizopita, kijumlishe, kisha kiongeze jumla hiyo kwenye kipimo kabla ya kulinganisha na lengo. Kipimo kinasema 5. Daftari linasema +3 ziko njiani. Basi uwiano unaotarajiwa ni 8, na pengo lililobaki ni 1 tu. Amri inayofuata ni ya desibeli 1, na baada yake kituo kinanyamaza hadi vipimo vipya viseme vingine.

Daftari hilo lina masharti mawili. Muda wa kitanzi ujulikane kwa fremu kamili, kwa sababu daftari la fremu 13 kwenye kitanzi cha fremu 16 litahesabu pungufu na kupitiliza kutarudi kwa mlango wa nyuma. Pia simu iripoti nguvu inayorusha kwa kweli katika kichwa cha fremu. Ikiwa imegota kwenye wati 2, amri za kupandisha hazikufanya kitu, na kituo kinachoziamini kitadhani msaada uko njiani wakati hakuna.

Ukali wa kitanzi, yaani kasi ya marekebisho kwa kila desibeli ya pengo, nao una kikomo cha kihisabati. Kwa kitanzi kinachojumlisha marekebisho na chenye kuchelewa, zidisha ukali kwa sekunde moja na muda wa kuchelewa kwa sekunde: zao likizidi 1.57 mfumo unayumba bila kutulia, na likiwa 0.37 au pungufu unatulia bila kupitiliza kabisa. Kwa sekunde 0.54 ukali wa juu usiopitiliza ni 0.68, maana yake pengo la desibeli 4 huanza kuzibwa kwa kasi ya desibeli 2.7 kwa sekunde. Kwa setilaiti ya kimo cha kilomita 1,414, safari ya kwenda kituoni na kurudi ni milisekunde 19 hadi 47. Ukichukua 60 pamoja na fremu, ukali unaweza kufika 6. Daftari la amri hukuruhusu kuvuka takwimu hizi, lakini sioni busara ya kwenda zaidi ya mara mbili yake, maana daftari huwa sahihi maabara kuliko barabarani.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni umbo la amri. Amri ya panda au shuka ni fupi, lakini ikipotea hewani inaacha kosa la kudumu ambalo daftari halilijui. Kwenye setilaiti iliyosimama, ambako amri ni chache, tuma thamani kamili, yaani rusha kwa kiwango fulani. Biti zinazoongezeka ni chache, na amri inayofuata hufuta makosa ya iliyopotea.

Hatua ya sita: Acha makosa ya fremu yaamue lengo

Desibeli 9 za mfano wetu ni makadirio. Aliye kwenye mashua na aliye nyikani wanaweza kuwa na uwiano uleule na makosa tofauti, kwa kuwa mawimbi ya njia nyingi yanatofautiana. Kitanzi cha nje husogeza lengo kwa kuangalia fremu zilizoharibika. Ukitaka fremu moja kati ya 100 iharibike, pandisha lengo kwa desibeli 0.5 kila fremu inapoharibika na ulishushe kwa 0.5 gawanya kwa 99, yaani 0.005 hivi, kila inaposomeka vizuri. Uwiano huo wa hatua mbili ndio unaolituliza lengo mahali panapotakiwa.

Kasi yake ni ndogo sana. Fremu za milisekunde 40 ni 25 kwa sekunde, hivyo makosa yanayotakiwa ni moja kwa kila sekunde 4, na mazungumzo ya dakika mbili hutoa makosa 30 tu ya kujifunzia. Kwa hiyo lengo la kuanzia liwe zuri: hifadhi lengo la mwisho la kila simu na uanze nalo simu inayofuata, na uweke sakafu na dari, mathalani 7.5 na 12. Bila dari, mtumiaji aliyeingia ndani ya jengo atapandishiwa lengo fremu baada ya fremu, na akitoka nje atakuwa anarusha nguvu kubwa pasipo sababu kwa dakika nzima.

Hatua ya saba: Gawanya nguvu ya setilaiti kama rasilimali ya wote

Katika njia ya kushuka anayebana matumizi ni setilaiti yenyewe. Umeme wake hutoka kwenye paneli za jua, na jumla ya nguvu ya redio ni moja kwa watumiaji wote. Ukifanikiwa kupunguza wastani wa nguvu kwa kila mzungumzaji kwa desibeli 3, nguvu ileile inabeba wazungumzaji mara mbili, iwapo masafa yanatosha. Kwa mwendeshaji wa mtandao hatua hii ina fedha nyingi kuliko zote zilizotangulia.

Simu hupima na kuripoti, kituo huamua. Ripoti moja kwa kila nusu sekunde inatosha. Lisilotosha ni kuruhusu kila kiungo kijipandishie kivyake, kwa sababu amplifaya za setilaiti zikikaribia kikomo huanza kuchanganya masafa na kuzaa kelele, ambayo huwafanya watumiaji wengine waombe nguvu zaidi, ambayo huongeza kelele. Weka dari ya jumla iliyo chini ya kikomo hicho kwa desibeli kadhaa. Dari ikifikiwa, kwanza wanyime nyongeza wenye akiba kubwa, kisha kataa simu mpya za kawaida, na ndipo uguse mazungumzo yanayoendelea. Kupunguza wote kwa usawa kunaonekana kuwa haki, lakini huwakata walio kivulini huku walio uwanjani wasihisi chochote.

Hatua ya nane: Andika kanuni za hali zisizo za kawaida

Simu inapoomba njia kwa mara ya kwanza hakuna kitanzi funge cha kuisaidia. Katika mfumo wa misimbo ianze chini na kupanda kwa hatua. Katika setilaiti iliyosimama kila jaribio lililoshindikana hupoteza nusu sekunde, kwa hiyo ianze karibu na nguvu kamili. Wito wa dharura uanze kwa nguvu kamili katika mifumo yote na ubaki hapo hadi kituo kithibitishe akiba.

Mtumiaji akiwa chumbani, kivuli cha desibeli 20 hakizibiki kwa akiba ya 8. Usijaribu. Baadhi ya mifumo ya simu za mkononi za setilaiti ina tangazo maalumu la nguvu kubwa na biti chache ambalo humfikia hata ndani, likimwambia asogee nje ili apokee simu. Udhibiti wa nguvu ujue kikomo chake na umwachie tangazo hilo kazi.

Kwa usiku wa kumetameta, panua wastani wa kipimo, zima mwendo wa kushusha wa kitanzi cha nje, na uongeze desibeli 2 au 3 kwenye lengo kwa saa hizo kwa watumiaji wa ukanda wa ikweta. Data isiyo ya sauti itegemee kurudia fremu zilizoharibika na kutawanya biti kwa muda mrefu zaidi, kwani kushuka kwa sekunde moja hakushindwi na nguvu yoyote ambayo simu ya mkononi inaweza kuitoa.

Hatua ya tisa: Jaribu maabara, kisha barabarani

Unganisha simu na kituo cha majaribio kupitia kifaa cha kuiga njia ya mawimbi, ukianza na kuchelewa kwa kweli kwa milisekunde 242 kila upande. Jaribio lisilo na kuchelewa halijapima kitu. Kwanza zamisha mawimbi ghafla kwa desibeli 4 na uangalie kama uwiano unarudi bila kupitiliza. Pili tumia modeli ya hali mbili iliyochapishwa na Lutz na wenzake mwaka 1991, ambayo hubadilishana kati ya uwazi na kivuli. Tatu potezesha amri moja kati ya 20. Katika kila jaribio andika mambo manne: wastani wa nguvu iliyorushwa, mtawanyiko wa uwiano kuzunguka lengo, kiwango cha fremu zilizoharibika, na asilimia ya muda ambao simu iligota kwenye kikomo. Mtawanyiko ukizidi desibeli 2 hivi kwenye njia iliyo wazi, rudi hatua ya tano na ukague muda wa daftari kabla ya kugusa kingine.

Barabarani chagua njia yenye sehemu tatu zinazotofautiana: uwazi, miti na majengo marefu. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo inakupa zote kwa safari moja. Rudia njia hiyo mchana na usiku, na usiku uwe baada ya saa mbili ili ionosfea nayo ipimwe. Kabla ya kurusha mawimbi yoyote ya majaribio, pata kibali cha mamlaka ya mawasiliano, ambayo ni TCRA nchini Tanzania na CA nchini Kenya, pamoja na idhini ya mwenye setilaiti, kwa sababu kitanzi kilichokosewa katika mfumo wa misimbo hukata simu za watu walio nchi nyingine ndani ya mwale huohuo. Kumbukumbu za safari zihifadhiwe fremu kwa fremu zikiwa na muda, mahali, kipimo, amri na nguvu iliyorushwa kwa kweli. Wastani wa dakika hauonyeshi mdundo wa sekunde mbili, na mdundo huo ndio utakaokuwa unautafuta.